Jumamosi Iko Chini ya Sakafu

Ukiingia Monticello kwa mlango wa mashariki, usikimbilie kutazama pembe za wanyama zilizotundikwa ukutani. Geuka nyuma. Juu ya mlango uliopitia kuna saa kubwa, na kutoka kwenye saa hiyo kamba mbili zimekwenda hadi kwenye kona za ukumbi, kila moja imening'iniza vyuma vya mviringo mfano wa risasi za mzinga. Vyuma hivyo hushuka taratibu juma zima. Ukutani yameandikwa majina ya siku, Jumapili ikiwa juu kabisa. Usawa kilipofikia chuma, ndiyo siku ya leo.

Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani na mwenye nyumba hii, aliichora saa hii mwenyewe, ikaundwa Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1790. Ilipokuja kufungwa hapa mlimani, ukumbi haukutosha urefu wa kamba. Sakafu ikatobolewa.

Kwa hiyo Jumamosi haimo ukumbini. Iko chini, kwenye vyumba vilivyo chini ya nyumba.

Wageni hucheka hapo, mwongozaji naye hutabasamu, kundi likasogea chumba cha pili. Mimi tundu lile limenikaa kichwani majuma kadhaa sasa. Kila nikilifikiria naona kwamba wengi wetu huitembelea nyumba hii kinyumenyume: tunaanza juu, kwa vitabu, kuba na vitanda vya ajabu, halafu tukibakiwa na nusu saa ndipo tunachungulia chini. Ushauri wangu ni kuanza chini, na makala hii yote ni kueleza kwa nini.

## Kwanza, tiketi

Monticello ipo nje kidogo ya mji wa Charlottesville, jimbo la Virginia, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka Washington. Treni inafika Charlottesville, lakini kutoka stesheni hadi mlimani utahitaji gari au teksi. Kituo cha wageni kiko chini, na basi dogo ndilo linalokupandisha hadi kwenye nyumba. Mwenye miguu mizima anaweza kupita njia ya waenda kwa miguu inayoanzia chini ya mlima. Mwinuko wake ni wa pole.

Tiketi ina saa yake maalumu ya kuingia ndani. Hapo ndipo watu hukosea. Wanachagua saa ya asubuhi mapema, wanaingia nyumbani moja kwa moja, na wakitoka jua limepanda, watoto wanalia njaa, hamu ya kusimama nje kusikiliza habari za utumwa imekwisha. Wewe chagua saa ya mchana. Asubuhi itumie Mulberry Row, uliokuwa mtaa wa kazi, kwenye ziara ya nje inayohusu watu waliofanyishwa kazi hapa utumwani, kisha ushuke vyumba vya chini. Nyumba iwe ya mwisho. (Joto la Julai huko halitamshangaza mtu wa Tanga, ila kofia chukua.)

Jambo jingine: ziara ya kawaida haipandi ghorofani. Ngazi zina upana wa sentimita 61 tu, na makundi makubwa hayaruhusiwi juu kwa hofu ya moto. Anayetaka kukiona chumba cha kuba anunue tiketi ya kundi dogo, na tiketi hizo huwahi kwisha.

## Kilele kilichokatwa

Watu husifu mandhari. Ni kweli, unaona milima ya Blue Ridge mpaka macho yachoke. Lakini kilele hiki hakikuzaliwa bapa.

Mei 1768 Jefferson aliandika kwenye daftari lake makubaliano na bwana mmoja aitwaye Moore: asawazishe eneo la futi 250 kwa futi 250, yaani kama mita 76 kila upande, kabla ya Krismasi. Malipo yalikuwa busheli 180 za ngano na busheli 24 za mahindi, nusu ya mahindi hayo yakalipwe mwaka unaofuata. Waliofanya kazi yenyewe kwa majembe na sururu hawakutajwa.

Kuna hesabu nyingine ya miaka hiyo hiyo ambayo naona ingestahili kubandikwa mlangoni. Wanaume wanne, kijana mmoja na wasichana wawili wa miaka kama 16 walichimba chumba cha chini kwa saa 8 na nusu, kwenye udongo mgumu. Wakatoa shimo la kina cha futi 3, upana wa futi 8 na urefu wa futi 16 na nusu. Ni kama mita 11 za ujazo. Jefferson akaongeza maelezo: siku ilikuwa ya baridi na theluji, ikawalazimu mara kwa mara kwenda kuota moto, na mbao zilizowafunika zilikuwa chini mno hata mkono haukuweza kuinuka vizuri wakati wa kupiga. Alitaka kujua siku nzuri ingetoa kiasi gani.

Aliandika urefu wa shimo hadi nusu futi. Majina hakuandika.

Halafu maji. Anayejenga kileleni hupata upepo na mandhari, lakini maji yanakaa bondeni. Kisima kilichimbwa mwaka 1769, kina cha futi 65, karibu mita 20. Kikawa kinakauka, miaka mingine hakitoi kitu. Baadaye yakajengwa mabirika manne ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa, nayo yakawa yanavuja kwa sababu plasta iliyopakwa haikuweza kuzuia maji. Tatizo la paa lilikuwa hilo hilo: chini ya sakafu za baraza ndefu za pembeni kulikuwa na vipaa vidogo vya mbao vilivyopangwa kama meno ya msumeno, na maji yakituama humo, mbao zinaoza. Kisima kikikauka na birika likivuja, lazima mtu ateremke kwenye chemchemi na kupanda na ndoo.

Kila ukisoma kwamba nyumba hii ilikuwa na kitu fulani cha kisasa, uliza kilipoharibika nani alibeba.

## Nyumba iliyo kwenye senti tano

Sarafu ya senti tano ya Marekani ina sura ya Monticello tangu 1938. Ni upande wa magharibi, wenye kuba na nguzo. Simama kwenye majani ya upande huo na sarafu mkononi, utaona ghorofa moja tu ya kupendeza.

Ndani kuna zaidi. Madirisha ya vyumba vya juu yamewekwa usawa wa sakafu ili kwa nje yaonekane ni mwendelezo wa madirisha ya chini; aliyelala ghorofani alikuwa na dirisha miguuni. Mabawa mawili marefu yenye jiko, chumba cha mpishi, chumba cha kukaushia nyama kwa moshi, chumba cha maziwa, banda la farasi na ghala la barafu yamechimbiwa kwenye mteremko, na juu yake ni baraza za kutembelea. Bwana na wageni wake walitembea juu ya dari la jiko.

Chumba cha kulia nacho kina vifaa viwili ambavyo kila mwongozaji huvionyesha kwa fahari. Pembeni mwa meko kuna lifti ndogo za kamba zilizopandisha chupa za mvinyo kutoka ghala lililo chini kabisa. Na kuna mlango unaozunguka katikati, wenye rafu upande mmoja: mtumishi wa nje anapanga sahani za chakula kwenye rafu, anausukuma, chakula kinatokea ndani bila yeye kuonekana.

Hapa ndipo nilisita sana.

Ni rahisi kusema kwamba alivijenga ili asiwaone watumwa wake. Lakini Jefferson aliishi Paris kuanzia 1784 hadi 1789, na vifaa vya namna hii aliviona kwa watu ambao hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Wageni wake wa Ikulu nao waliandika sababu yake: alitaka watu wazungumze mezani bila masikio ya watumishi. Huenda basi ilikuwa faragha tu, na sisi ndio tunaosoma utumwa kwenye kila bawaba.

Kilichonitoa kwenye mashaka ni Israel Gillette, mmoja wa watumwa wa Jefferson. Mwaka 1824 Lafayette, jenerali Mfaransa, alikuja kumtembelea Jefferson, na Gillette ndiye aliyekuwa kwenye kazi ya gari la farasi walilopanda. Akasikia Lafayette akimwambia mwenyeji wake kwamba watumwa wanapaswa kuwa huru, na Jefferson akijibu kwamba wakati huo utafika, bila kusema lini wala vipi. Wakaendelea kuhusu elimu: Jefferson alikubali wafundishwe kusoma, lakini kuandika hapana, maana wangeweza kughushi hati za kusafiria. Gillette aliyaweka maneno hayo moyoni karibu miaka hamsini, akayatoa kwenye gazeti la Ohio mwaka 1873, akiwa mtu huru.

Kwa hiyo swali la faragha na swali la utumwa lilikuwa moja. Mezani pale ziliweza kuzungumzwa habari za deni, na deni la bwana lilikuwa habari ya nani atauzwa. Masikio yaliyozuiwa ndiyo yaliyohitaji kusikia kuliko mengine yote.

## Mulberry Row, asubuhi na mapema

Shuka sasa upande wa kusini. Njia iliyopandwa miforosadi ndiyo iliyokuwa mtaa wa kazi: mwaka 1796 ilikuwa na majengo 17, karakana za useremala na uhunzi, maghala, mabanda, nyumba za kuishi. Karibu yote yamekwisha. Nyumba ndogo ya magogo na ghala la kuhifadhia chuma unavyoviona vimejengwa upya, vikakamilika mwaka 2015. Ingia kwenye nyumba hiyo ya magogo, hesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta, kisha ufikirie familia na meko yake humo ndani.

Karakana ya kukaa nayo muda mrefu ni ya misumari, hata kama kilichobaki ni alama ardhini.

Ilianza 1794, wakati mashamba yalikuwa yamechoka kwa tumbaku na Jefferson anahamia kwenye ngano. Alihitaji fedha taslimu. Alinunua fito za chuma Philadelphia kwa mkopo. Kijana anapewa fito zilizopimwa kwa mizani asubuhi. Anaipasha fito motoni, anachonga ncha juu ya fuawe, anaikata kiasi, anaichomeka kwenye tundu la chuma, anaivunja hapo, na kwa mapigo machache anatandaza kichwa. Karakana nzima ilitoa misumari kati ya 8,000 na 10,000 kwa siku. Jioni misumari inapimwa, tofauti inahesabiwa, na jina la kila kijana linaandikwa pamoja na chuma alichopoteza. Fito ikikaa motoni kupita kiasi inaungua na kubomoka, hasara hiyo ikaonekana kwenye mizani.

Nasema vijana, lakini umri wenyewe ni huu. Kwenye daftari lake la shamba Jefferson alipanga: hadi miaka 10 watoto waangalie watoto wadogo, kuanzia 10 hadi 16 wavulana watengeneze misumari na wasichana wasokote nyuzi, wakifika 16 waende shambani au wajifunze ufundi.

Isaac Granger, mhunzi aliyefanya kazi hapo, alisimulia mwaka 1847 kwamba watoto wa misumari walipewa kwa juma nyama pauni moja, samaki dazeni moja, molasi kama lita moja na unga wa mahindi wa kipimo ambacho kwetu ni kama nusu debe. Waliofanya vizuri zaidi walipewa suti nyekundu au ya buluu. Kwa muda mrefu maelezo hayo ya suti yalitumika kuonyesha wema wa bwana.

Upande wa pili ukakaa kimya. Mume wa binti yake Jefferson alimwandikia mwaka 1801 kuhusu karakana hiyo, akitaja kwamba watoto wadogo huchapwa kwa kutoroka kazi. Daftari la shamba lilipochapishwa kama kitabu mwaka 1953 pamoja na barua za aina hiyo, sentensi hiyo iliachwa nje. Vizazi viwili vya wasomaji vikaona suti bila kuona fimbo.

Mwaka 1803 mvulana aitwaye Cary alimpiga mwenzake Brown Colbert nyundo ya kichwa, kwa sababu Colbert alimfichia fito kwa utani, na fito ikipotea anayejibu ni aliyeandikiwa. Colbert alipona. Jefferson akaagiza Cary auzwe mbali kabisa, ili kwa wenzake iwe kama amekufa. Wakati huo alikuwa Rais. Colbert mwenyewe, miaka thelathini baadaye, alihamia Liberia akafia huko.

Chini ya njia hiyo kuna bustani ya mboga, tuta moja la urefu wa futi 1,000, zaidi ya mita 300, lililokatwa ubavuni mwa mlima na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe. Aina zaidi ya 300 za mboga zilijaribiwa hapo. Wapenda bustani watakaa saa nzima. Sitawahimiza waondoke, ila ukuta ule nao ulipangwa kwa mikono.

## Jiko lenye matundu manane

Rudi sasa, uingie bawa la kusini kwa miguu yako, usawa wa ardhi, kama walivyoingia wao.

Jiko hili lilianza kutumika 1809. Kitu cha kutazama ni jiko la matofali lenye matundu manane. Kila tundu lina mkaa wake chini, na mpishi anaongeza au kupunguza moto wa sufuria moja bila kugusa nyingine. Kwa meko ya wazi mchuzi mzito wa Kifaransa huungua au hukatika. Kwa jiko hili unaweza kuutuliza. Majiko ya namna hiyo yalikuwa nadra Marekani wakati ule, na aliyeuleta ujuzi wake mlimani ni James Hemings, mtumwa aliyepelekwa Paris na Jefferson kufundishwa upishi.

Paris mtumwa aliweza kudai uhuru wake kisheria. Hemings alirudi. Mwaka 1793 walitia mkataba: atapewa uhuru akishamfundisha mtu mwingine kupika. Akamfundisha ndugu yake Peter, ambaye alibaki mtumwa, na mwaka 1796 akaondoka. Kabla ya kuondoka aliacha orodha ya vyombo vya jikoni kwa mwandiko wake mwenyewe. Karatasi hiyo ipo hadi leo.

Jiko la 1809 lilikuwa la Edith Fossett. Alipelekwa Ikulu ya Washington mwaka 1802 akiwa na miaka 15, akajifunza kwa mpishi Mfaransa. Mumewe Joseph, mhunzi, alibaki Monticello. Mwaka 1806 Joseph alitoroka kwenda kumwona, akakamatwa.

Mwombe mwongozaji akuonyeshe njia ya chakula: kutoka jikoni, kupitia ujia ulio chini ya nyumba, kupanda ngazi nyembamba, hadi kwenye ule mlango unaozunguka. Ipite mwenyewe mpaka mwisho. Ndipo utaelewa kwa nini naung'ang'ania mpangilio wa ziara.

## Chumba kisicho na picha

Kwenye bawa hilo hilo kuna chumba kidogo kisicho na dirisha. Wanahistoria wanaamini huenda Sally Hemings, mdogo wake James, aliishi humo. Mwaka 1941 upande huo uliwekwa vyoo vya wageni. Maonyesho juu ya maisha yake yalifunguliwa mwaka 2018.

Hakuna picha yake, wala mchoro. Wabunifu hawakujaribu kumbuni sura. Wametumia maneno ya mwanawe Madison, aliyoyatoa kwenye gazeti lile lile la Ohio, mwaka ule ule wa 1873.

Sally alikuwa dada wa baba mmoja na marehemu mke wa Jefferson. Alipelekwa Paris mwaka 1787 akiwa na miaka 14. Kwa simulizi ya Madison, alikataa kurudi Virginia hadi Jefferson alipomwahidi kwamba watoto wake watakaozaliwa watakuwa huru wakifika miaka 21. Alikuwa na miaka 16 alipokubali. Sheria ya Virginia ilikuwa kwamba mtoto hufuata hali ya mama.

Familia ya Jefferson ilikanusha kwa zaidi ya karne. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mzao wa Eston Hemings, mwana mwingine wa Sally, ana kromosomu ya kiume ya ukoo wa Jefferson. Taasisi inayomiliki Monticello ilitoa ripoti yake mwaka 2000 ikikubali, na sasa inalitaja kama jambo lililothibitishwa. Wapo wanaopinga bado. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Madison alikuwa ameyasema yote wazi, kwa jina lake, miaka 125 kabla ya maabara.

## Hesabu ya mwisho

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826 akiwa na deni la dola zaidi ya 107,000. Sehemu ilitokana na madeni ya baba mkwe wake John Wayles, aliyemrithisha pia watu wapatao 135. Sehemu ni maisha ya kifahari na ujenzi usiokwisha. Nyingine ni dhamana ya dola 20,000 aliyomwekea rafiki aliyefilisika.

Wanaomtetea husema deni lilimfunga mikono: mali ya mdaiwa haigawiwi. Hoja hiyo niliikubali kwa muda. Kisha kuna wosia wa Tadeusz Kościuszko. Jenerali huyo wa Poland, rafiki yake, alifariki 1817 akiwa ameacha fedha zake za Marekani zitumike kuwanunulia uhuru watumwa na kuwasomesha, na Jefferson ndiye aliyeteuliwa kuutekeleza. Mwaka 1819 alikataa. Alikuwa mzee, kweli. Wosia ulikuwa na utata wa kisheria, kweli. Ila zilikuwa fedha za mtu mwingine, na zilikuwa mezani.

Katika maisha yake alimiliki zaidi ya watu 600. Aliwapa uhuru wawili akiwa hai na watano kwa wosia, wote wa ukoo wa Hemings. Kwa kuwa sheria ya 1806 ilimtaka aliyeachwa huru aondoke Virginia ndani ya mwaka mmoja, aliliomba bunge la jimbo liwaruhusu hao watano kubaki.

Joseph Fossett alikuwa mmoja wao. Uhuru wake ulikuwa uanze Julai 1827. Januari mwaka huo ulifanyika mnada hapo hapo mlimani, tangazo likitaja watu 130. Edith na watoto waliuzwa kwa wanunuzi tofauti. Baba alikuwa amebakiza miezi sita.

Joseph akafua chuma, akakusanya fedha, akamnunua mkewe na baadhi ya watoto. Mwanawe Peter, aliyekuwa na miaka 11 siku ya mnada, hakuuzwa kwake. Peter alijaribu kutoroka mara mbili, akauzwa tena mnadani, hadi jamaa na marafiki walipochanga kumkomboa. Akawa mchungaji Cincinnati. Mwaka 1900, akiwa mzee, alirudi Monticello kama mgeni.

Familia nyingine za Virginia zilikuwa na bahati mbaya zaidi: miongo hiyo wafanyabiashara waliwanunua watu huko kwa maelfu na kuwapeleka kusini kwenye pamba. Pamba ya kusini ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, na kitambaa chake ndicho kilichoshushwa Zanzibar na kubebwa na misafara hadi Tabora kikiitwa merikani. Babu zetu walikivaa.

## Kushuka

Rudi chini kwa miguu, usipande basi. Njia inapita makaburi ya familia. Juu ya kaburi la Jefferson kuna mnara wa jiwe alioagiza mwenyewe, na mambo matatu aliyotaka yaandikwe: Azimio la Uhuru, sheria ya uhuru wa dini ya Virginia, na Chuo Kikuu cha Virginia. Urais haumo.

Endelea hadi eneo la maegesho. Kando yake kuna kichaka kilichozungushiwa uzio. Ni makaburi ya watumwa zaidi ya arobaini, yaliyothibitishwa na wanaakiolojia mwaka 2001, baada ya magari kuegeshwa jirani kwa miaka mingi. Wengi huyapita wakitafuta funguo.

Baada ya mnada nyumba yenyewe iliuzwa. Mwaka 1834 ikawa ya Uriah Levy, ofisa wa jeshi la majini, Myahudi aliyempenda Jefferson kwa ile sheria ya dini. Ukoo wake uliishikilia hadi 1923, na bila wao huenda tungekuwa tunatembelea kifusi. Levy naye alikuwa na watumwa hapo. Taasisi iliyoinunua ilichukua miaka 70 kabla ya kuanza kuwahoji wazao wa watumwa, mwaka 1993, na mengi unayoyasikia kwenye ziara ya nje yametoka kwao. Tangu 1963 kila tarehe 4 Julai wahamiaji huapishwa uraia kwenye majani yale ya magharibi. Ukipanga kwenda siku hiyo, ujue ni siku ya sherehe.

Ukibakiwa na siku moja zaidi, nenda Montpelier, kwa James Madison, chini ya saa moja kwa gari. Nyumba haina vifaa vya kuchekesha, lakini vyumba vyake vya chini vina maonyesho mazuri zaidi juu ya utumwa kuliko niyajuayo Virginia nzima, na matofali yenye alama za vidole vya watu walioyafyatua. Hapo pia mvutano ulikuwa wa wazi: mwaka 2021 bodi ilikubali kugawana viti sawa na wazao wa watumwa, Machi 2022 ikageuka, na Mei mwaka huo, baada ya kelele nyingi, wakachaguliwa wajumbe wapya kutoka orodha ya wazao. Anza huko nako kwa vyumba vya chini. Hakuna atakayekuzuia, mwambie tu mwongozaji kwamba juu utapanda baadaye.